Tuuze Siku, Tusiuze Udongo: Wageni na Mwambao wa Idjwi

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wafadhili katika mkutano mkuu wa chama, Idjwi. Kamati iliomba ichapwe hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.



Kamati iliniomba nizungumze juu ya jambo moja: wageni wanaokuja kutembea pa mwambao wetu, na faida gani tunaweza kupata kwao. Jambo hili halikuanguka toka mbinguni. Kuna watu wanaozunguka kisiwani wakiuliza parseli za kando ya ziwa. Kuna wanachama walioisha kuulizwa bei. Na kuna wafadhili walioniuliza mimi kama mtu wa tereni: "Kama tukisaidia utalii Idjwi, tuanzie wapi?" Maswali haya mawili yanaonekana mbalimbali, lakini yako swali moja. Yote yanauliza: mwambao huu utakuwa wa nani miaka ishirini ijayo?

Jibu langu nalisema mapema, ili hata yule atakayesinzia njiani aende nalo. Tuuze siku, tusiuze udongo. Mgeni alipe siku yake: mtumbwi, chakula, nanasi, mtu wa kumwongoza, pa kukaa kivulini. Jioni arudi kwao, na udongo ubaki wetu.

Sasa tuone kwanza mgeni anakuja kutazama nini.

Wengi wanaanzia Bukavu. Ule mji uliitwa Costermansville wakati wa Wabelgiji, na umejengwa juu ya rasi zinazoingia ndani ya ziwa kama vidole. Moja inaitwa La Botte, maana ukiitazama kwa mbali ina umbo la kiatu kirefu. Mgeni anatembea pale, anatazama nyumba za zamani, anaona Ruzizi inavyotoka ziwani na kuanza safari yake ya kwenda Tanganyika. Akiwa na siku mbili anapanda Kahuzi-Biega, mbuga iliyoundwa mwaka 1970 na kuandikwa na UNESCO mwaka 1980, kuona gorila wa nchi yetu ya mashariki. Akiwa na siku tatu anapita Lwiro, penye kituo cha utafiti cha tangu enzi za ukoloni, na pale pale sokwe walionyang'anywa wawindaji wanatunzwa tangu 2002.

Baadaye usiku anasimama kando ya ziwa na kuona taa. Taa mingi, zimepangwa juu ya maji kama kuna mji mwingine kule katikati. Njo hapo anauliza: "Ni nini kile?" Na mtu wa Bukavu anamujibu: "Wavuvi wa sambaza. Na nyuma yao kuna kisiwa."

Hicho kisiwa njo sisi. Katika visiwa vilivyo ndani ya maziwa ya Afrika, Ukerewe ya Tanzania njo kubwa kuliko vyote, na Idjwi inafuata. Tuko teritware nzima, sheferi mbili, Rubenga kaskazini na Ntambuka kusini, watu zaidi ya 200,000. Mgeni hajui hayo. Anafikiri anakuja mahali pa miti na ndege, kisha anashuka na kukuta shule, masoko, makanisa, motari wanaopiga honi, na mashamba yaliyopanda mpaka juu ya kilima. Kwa hiyo jambo la kwanza: tusimdanganye. Tusimwambie kwamba tuna plaji ndefu ya mchanga kama ya Gisenyi. Sehemu kubwa ya mwambao wetu ni mawe, matete na migomba inayofika karibu na maji. Penye mchanga ni padogo, na mara nyingi ni bandari ya mitumbwi na pahali wamama wanafulia. Tukimwahidi mchanga atarudi amekasirika. Tukimwahidi kile tulicho nacho atarudi na kuleta mwenzake.

Na tulicho nacho ni nini? Nitataja vitu vitano.

Cha kwanza ni maji yenyewe. Ziwa Kivu liko mita karibu 1,460 juu ya usawa wa bahari, halina mamba, halina kiboko. Mtu aliyezoea Tanganyika au Victoria akisikia hivyo anafurahi sana. Anaingia majini asubuhi, maji baridi kidogo, milima ya pande zote mbili inaonekana.

Cha pili ni sambaza. Wavuvi wetu wanafunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, wanashusha wavu, wanawasha taa samaki waje, na wanapiga kasia kwa wimbo. Usiku wa mbalamwezi hawaendi, maana taa haivuti samaki kukiwa na mwangaza. Mgeni anapenda kusikia hayo kuliko tunavyofikiri. Na anashangaa akiambiwa kwamba sambaza si mwenyeji wa ziwa hili. Ilitolewa Tanganyika na kutiwa hapa mwishoni mwa miaka ya 1950. Ilikuja kama mgeni, leo hakuna harusi inayopita bila hiyo.

Cha tatu ni nanasi na kahawa. Nanasi ya Idjwi inajulikana Bukavu na Goma hata na mtoto. Kahawa yetu ya arabika ina historia ya uchungu, na nitairudia nikifika kwenye mambo ya usalama.

Cha nne ni habari za wazee. Kisiwa hiki kimekuwa na Bami wake, kimepigana na Rwabugiri wa Rwanda, kimewekwa upande wa Kongo kwa mkataba wa mwaka 1910. Mwezi wa tisa 1914 Wajerumani walivuka toka upande wa Rwanda wakakitwaa, na Wabelgiji walikirudia mwaka 1916. Mwanahistoria David Newbury aliandika kitabu kizima juu ya wafalme na koo za hapa, Kings and Clans, kilichotoka mwaka 1991. Kama mtu wa Marekani aliweza kukaa hapa akisikiliza wazee mpaka akapata kitabu, basi mgeni wa siku moja anaweza kusikiliza mzee nusu saa na kulipa nusu saa hiyo.

Cha tano ni vyungu vya wamama wa Kimbuti. Hapa naomba tuwe na adabu. Hawa ndugu zetu waliondolewa msituni, wengi hawana shamba, na wageni wengine wanakuja kuwapiga picha kama wanapiga picha za ndege. Haiko sawa. Mgeni anunue chungu kwa bei ya chungu, aombe ruhusa ya picha, na mama akikataa, imekwisha.

Sasa, huyu mgeni ni nani? Tukisema "mtalii" tunaona mzungu mwenye kofia. Kusema kweli, wazungu ni wachache, na serikali zao mingi zinawakataza kuja Kivu. Mgeni wetu wa kweli yuko karibu. Ni mwalimu wa Bukavu anayetaka kupumzisha kichwa Jumapili. Ni wanafunzi waliomaliza masomo. Ni kwaya. Ni wafanyakazi wa ONG wanaokaa Goma na hawajui kisiwa wanachokipita kila mara wakiwa ndani ya kano rapide. Ni ndugu zetu walioko Ulaya na Amerika wanaorudi kiangazi, mwezi wa saba na wa nane, na watoto wasiojua kwao ni wapi. Huyu wa mwisho tumuangalie sana. Mtoto aliyezaliwa ng'ambo akishikishwa kasia na babu yake pa ziwa hili, hatasahau. Na wengi wetu tuliokaa Nyarugusu au Nakivale tunajua maana ya mtoto kuuliza "kwetu ni wapi" na wewe huna kitu cha kumuonyesha.

Ng'ambo ya maji majirani zetu wa Rwanda walifikiri juu ya jambo hili zamani. Walichora njia ya kutembea kwa miguu na baiskeli kando ya ziwa, toka Rubavu mpaka Rusizi, kilometa 227, wakaiita Congo Nile Trail. Njia yenyewe ni ya udongo, inapita vijijini, na mtu analipa kulala, kula, kuonyeshwa kahawa. Milima ni ile ile, maji ni yale yale. Kilichoongezeka ni mpango.

Mfano mwingine ninaoupenda uko pwani ya Kenya, Gazi, upande wa Kwale. Wamama wa kijiji walijenga daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko. Mgeni analipa kidogo kutembea juu yake, halafu wamama wanampikia samaki. Hawakuuza mikoko. Mikoko bado inazaa samaki na kuzuia mawimbi, na makuta yanaingia. Sisi hatuna mikoko, lakini akili ile inafika mpaka hapa.

Nije sasa kwa jambo zito zaidi, maana bila hilo yote niliyosema ni maneno. Usalama wa majini.

Hakuna familia katika chumba hiki ambayo ziwa halijachukua mtu wake. Mwezi wa nne 2019 mtumbwi ulizama upande wa Kalehe, watu wengi sana wakapotea, mpaka Rais Félix Tshisekedi akaja mwenyewe na kuagiza kwamba kila msafiri wa ziwa avae jile, lile koti linalomshikilia mtu juu ya maji. Mwaka uliotangulia, tarehe 20 mwezi wa tisa 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, kule kwenye maji ya Ukerewe. Kilijengwa kubeba watu 101, kikapakia zaidi ya mara mbili, na wakafa zaidi ya 200 wakiwa karibu kabisa na gati. Ukerewe ni dada yetu katika visiwa. Kilichomuua dada si dhoruba, ni uzito.

Na kahawa niliyosema nitairudia: miaka ile bei ya hapa ilikuwa ya kulia, wababa wengi walijaza mitumbwi midogo usiku na kuivusha Rwanda kwa siri. Wengine hawakurudi. Wajane wao wako nasi, wengine wameketi hapa leo, na sitawataja. Kooperative kama CPNCK zilipoanza kununua na kuosha kahawa hapa hapa kisiwani, baba aliacha kuvuka usiku. Tunajifunza nini? Kwamba biashara ikifanyika upande wetu wa maji, watu wetu wanabaki hai. Utalii nao uwe hivyo hivyo.

Kwa hiyo sheria yetu iwe fupi. Mtumbwi bila jile hautoki, hata mgeni akisema anajua kuogelea. Idadi ya watu iandikwe ubavuni mwa mtumbwi kwa rangi, na mwenye mtumbwi asiipite hata kama ni mtoto wa dada yake anayeomba. Kuondoka ni asubuhi, kurudi ni kabla upepo wa alasiri haujaamka. Na nahodha aliyekunywa anakaa nchi kavu siku hiyo.

Wageni watawauliza pia juu ya gazi: "Tunasikia ziwa hili linaweza kulipuka?" Msicheke na msitishike. Jibuni kweli. Chini kabisa ya Kivu kuna gazi mingi, metani na kaboni dioksidi, imekandamizwa na uzito wa maji. Kule Kamerun mwaka 1986 ziwa Nyos lilitoa gazi ya namna hiyo na kuua watu karibu 1,700, njo maana wataalamu wanachunga ziwa letu. Lakini gazi iko chini sana, mamia ya mita, na mwaka 2002 moto wa Nyiragongo ulitiririka mpaka ukaingia ziwani pale Goma bila ziwa kulipuka. Rwanda inavuta metani hiyo na kufanya umeme pale Karongi. Mahali penye mazuku, ile hewa mbaya inayokaa mabondeni, panajulikana upande wa Goma na Sake, na wenyeji wanapakataza watoto. Mgeni akijibiwa hivyo anaona yuko mikononi mwa watu wanaojua ziwa lao.

Sasa tufike kwenye udongo.

Ninyi wazee mnajua kuliko mimi. Kwa desturi yetu kuna kalinzi, ile mali unayompa chifu ili upate shamba ambalo watoto wako watarithi. Na kuna bwasa, ambayo ni kuazima shamba kwa muda: unalima, unavuna, unalipa, udongo unarudi kwa mwenyewe. Tena juu ya desturi kuna sheria ya serikali ya mwaka 1973, inayosema udongo wote ni wa Leta, na mtu anapewa tu haki ya kuutumia kwa karatasi. Hapo njo penye hatari. Wewe una kalinzi ya babu yako, kila mtu anaijua, lakini karatasi huna. Yule anayetafuta parseli ana makuta ya kwenda kufanya karatasi. Siku akiisha kuipata, neno "babu yangu" linakuwa hadithi ya jioni.

Na tunauza nini tukiuza pa ziwa? Hatuuzi mita za mraba tu. Tunauza njia ya wamama kwenda kuteka maji. Tunauza pahali pa kuanika sambaza. Tunauza bandari ya mitumbwi, jiwe la kufulia, na pale watoto wanapojifunza kuogelea. Mtu mmoja anauza, ukuta unasimama, na kijiji kizima kinazunguka mlima kwenda kutafuta maji. Huko pwani ya Bahari ya Hindi wamelia kilio hiki miaka mingi: mvuvi aliyezaliwa pale anazuiwa na mlinzi kupita penye mchanga aliocheza akiwa mtoto.

Lakini sikuja hapa kumgombeza anayeuza. Nimepita nyumba kwa nyumba katika kazi yangu, najua kwa nini mtu anauza. Hauzi kwa tamaa. Anauza kwa sababu mtoto amelazwa na hospitali inataka malipo kabla ya kumruhusu. Anauza kwa sababu ya kifo, ya shule, ya deni alilolikuta aliporudi toka ukimbizini. Mnunuzi anajua kungoja wiki hiyo. Parseli iliyokataliwa kwa bei kubwa mwezi wa sita inatoka kwa bei ya huruma mwezi wa tisa, shule zikifunguliwa.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kinachochunga mwambao ni sanduku letu la kusaidiana kuliko kibao cha "hapauzwi". Mwanachama akijua kwamba kuna mkopo wa dharura anaoweza kupata kwa siku mbili, bila riba ya kumnyonga, hatauza pa ziwa kwa sababu ya malaria. Wengi wenu mko katika AVEC na likelemba, mnajua kazi hiyo. Hapa njo utalii na mutuali vinakutana: wageni walete kidogo ndani ya sanduku, sanduku lichunge udongo, na udongo uendelee kupokea wageni.

Tuweke hesabu, na hii iko mfano tu, kila mtu aipime kwa akili yake. Tuseme Jumapili moja tumepokea wageni 12 toka Bukavu, kila mmoja akalipa dola 10 kwa siku yake hapa, ukiacha tiketi ya kuvuka. Ni dola 120. Mwenye mtumbwi wa kuwatembeza, na mafuta yake, dola 40. Wamama wa jikoni, na vitu walivyonunua, dola 35. Kijana anayewaongoza, dola 10. Mwenye kiwanja tulipokaa, dola 15. Sanduku la chama, dola 20. Sasa tuseme kwa mwaka mzima tumepata Jumapili 10 tu kama hiyo. Mwenye kiwanja amepata dola 150 na kiwanja bado chake, mihogo yake bado inaota. Sanduku limepata dola 200. Si utajiri. Ni ada ya mtoto, ni mkopo wa hospitali wa watu wawili au watatu. Na mwaka kesho inawezekana kurudi tena, wakati bei ya parseli iliyouzwa hairudi kamwe.

Kama mtu anasisitiza kujenga nyumba ya wageni pa ziwa, tusimfukuze. Tumpe bwasa ya wakati huu: mkataba wa maandishi wenye miaka inayojulikana, kodi ya kila mwaka, njia ya maji na bandari vikibaki wazi kwa kijiji, vibarua wakiwa wa hapa, na majengo yakibaki kwa mwenye udongo muda ukiisha. Baba asisaini peke yake. Mama na watoto wakubwa wasaini naye, na kopi moja ikae kwa kamati. Mtu mwema atakubali. Akikataa njia ya maji, mmeisha kujua alichokuja kufuata.

Nasema pia ukweli ambao wafadhili wanastahili kuusikia. Utalii wa Kivu ni mguu mmoja, tena mguu unaotetemeka. Mwaka 2020 korona ilifunga mipaka. Mwezi wa tano 2021 Nyiragongo ilitapika na Goma ikakimbia. Vita vikisogea hata kidogo, mgeni haji. Sisi ni watu tuliorudi, tunajua kwamba mwaka mmoja unaweza kukunja miaka kumi. Kwa sababu hiyo naomba kila kitu tutakachonunua kwa ajili ya wageni kipite kwenye swali moja: siku ambayo hakuna mgeni, kitatufaa nini?

Hoteli ya ghorofa siku isiyo na mgeni inafaa popo. Jile 40 siku isiyo na mgeni zinavaliwa na wamama wanaokwenda soko la Bukavu. Vyoo viwili vizuri pa bandari siku isiyo na mgeni vinazuia kolera, maana maji tunayoyaogea njo tunayoyanywa. Mafunzo ya kuogelea kwa wavulana na wasichana yanabaki mwilini mpaka uzee. Kijana aliyefundishwa kuongoza mgeni, kuandika hesabu na kusema Kifaransa na Kiingereza kidogo atapata kazi hata pengine. Pipa la plastiki linasafisha bandari yetu wenyewe.

Kwa wafadhili basi, ombi langu ni dogo na lina mpangilio huu: jile kwanza, vyoo pili, kuogelea tatu, na nyongeza katika sanduku la mkopo wa dharura nne. Msitujengee kitu ambacho hatutaweza kukitengeneza kikiharibika.

Kwa wanachama nina maombi matatu, na kamati imesema yatapigiwa kura baada ya mimi kuketi. La kwanza: mwanachama anayefikiri kuuza pa ziwa aje kwa kamati kwanza, ili tujaribu mkopo kabla ya mnunuzi. Hakatazwi, anaombwa. La pili: bei za mtumbwi, chakula na kuongozwa ziandikwe juu ya ubao pa bandari, zile zile kwa mzungu na kwa mtu wa Bukavu, na risiti iwe moja, ili mgeni asizungukwe na watu kumi wanaodai takse kumi. La tatu: daftari la hesabu la wageni lisomwe kwa sauti kila mkutano, hata likiwa na ukurasa mmoja.

Nimalizie kwa jambo ambalo wageni wangu wa Bukavu huniuliza: "Watu wa Idjwi watajua kupokea watalii?" Mwaka 1994 kisiwa hiki kilipokea wakimbizi toka Rwanda kwa maelfu, bila ubao wa bei, bila mafunzo. Watu walifungua nyumba na mashamba. Na sisi tuliporudi toka kambini na mikono mitupu, kuna aliyetupa pa kulala wiki za kwanza. Kupokea tunajua. Kilichobaki ni kujifunza kupokea bila kupoteza mlango wa nyumba.

Bwana Rais, nawarudishia neno kwa ajili ya kura.